Maji ya Lamu hulala wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kaskazi ikishika, visima vikashuka na bei ya mtungi ikapanda, mimi huulizwa maswali yale yale: barazani, ndani ya mashua ya Mokowe, hata msibani. Nimesomesha jiografia hapa kisiwani miaka mingi, kisha nikawa nasaidia watu kupima visima vyao, basi kila mwenye kisima huniona mimi ndiye mwenye maji. Nimeyaandika majibu pamoja ili anayeuliza nimwelekeze hapa, nami nimalize kahawa yangu ingali moto.

Husemwa maji "huhifadhiwa" katika mzunguko wa maji. Maana yake nini?

Ule mchoro wa shuleni umejaa mishale: jua lapiga bahari, mvuke wapanda, wingu, mvua, mto, bahari tena. Mtoto hutoka darasani akidhani maji hayana kutulia. Mishale ile ni safari tu, na safari ni sehemu ndogo ya maisha ya maji. Jahazi la zamani lililokwenda Uarabuni lilikuwa na siku nyingi za nanga kuliko siku za tanga, likingoja pepo zigeuke. Maji ni hivyo hivyo. Hukaa, husogea, hukaa tena. Pale yanapokaa ndipo wataalamu wanapopaita hifadhi. Mimi hupenda kusema ghala.

Ghala moja hutofautiana na jingine kwa ukubwa, na kwa muda maji yanaokaa humo. Maji yaliyopanda yakawa mvuke hukaa angani kama siku tisa kwa wastani. Mtoni ni siku au wiki kadhaa. Kwenye udongo wa shamba, mwezi mmoja au miwili. Chini ya ardhi yaweza kuwa miaka michache au maelfu ya miaka, kulingana na kina na aina ya mwamba. Baharini ni kama miaka 3,000. Katika barafu nene ya Antaktika mna matabaka yaliyoanguka yakiwa theluji miaka 800,000 iliyopita, na hayajatoka hadi leo.

Ukilishika hili la muda, maswali mengi ya huko chini yatajijibu yenyewe.

Duniani mna maghala gani, na kila moja lina kiasi gani?

Maji yote ya dunia hukadiriwa kuwa kilomita za ujazo bilioni 1.4 hivi. Hesabu hiyo haimwingii mtu kichwani, kwa hiyo tuchukue mitungi 100 ya lita 20, tuipange gatini. Mitungi 97 na nusu ni maji ya chumvi. Miwili na nusu iliyobaki, yaani lita 50, ndiyo maji matamu yote ya dunia, yale wazee waliyoyaita maji ya pepo.

Katika lita hizo 50, lita 34 hivi zimeganda barafu, na lita 15 ziko chini ya ardhi. Imebaki kama nusu lita. Humo ndani gawanya maziwa, mito, vinamasi, unyevu wa mashamba, mawingu, na maji yaliyomo katika kila mti na kila kiumbe. Mito yote ya dunia kwa wakati mmoja, Nile na Tana na Amazon ikiwemo, haijazi kijiko cha chai.

Watu huniambia hapo nimetia chumvi. Sijatia. Ziwa Victoria peke yake lina maji mengi kuliko yaliyomo katika mito yote ya dunia ukiihesabu siku moja. Mto huonekana mkubwa kwa sababu hupita bila kukoma, lakini kwa kuweka, mto ni mfereji na si pipa. Na Ziwa Baikal la Urusi, kwa kina chake, limebeba karibu sehemu moja kwa tano ya maji matamu yote yaliyo juu ya ardhi bila kuganda.

Bahari imetuzunguka pande zote. Mbona twalia kiu?

Kwa sababu ghala hilo limefungwa kwa kufuli ya chumvi. Lita moja ya bahari ina gramu 35 hivi. Mtungi mmoja wa lita 20 una gramu 700. Mwili ukinywa hayo huhitaji maji zaidi ya uliyokunywa ili kuitoa ile chumvi, ndiyo maana baharia aliyepotea baharini huonywa asiyaguse.

Anayeifungua kufuli hiyo bila malipo ni jua. Ukitaka kumwona kazini, nenda Gongoni au Marereni, kaskazini ya Malindi, kwenye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, jua likayachukua, chumvi ikabaki nyeupe chini. Watu huiangalia chumvi. Mimi huwaambia wanafunzi wayaangalie yale yaliyoondoka, maana hayo ndiyo mvua.

Ila hatupati nyingi. Kila mwaka zaidi ya kilomita za ujazo 400,000 hupanda kutoka baharini, na kama tisa kwa kumi hushuka papo hapo baharini. Mvua nyingi ya dunia huwanyeshea papa.

Mashine za kuchuja chumvi? Zipo na zafanya kazi. Zinakula umeme, na zinaacha maji machafu yenye chumvi maradufu ambayo lazima yatupwe mahali. Kabla hujaisifu mashine, uliza yanatupwa wapi.

Hewa ya hapa yatutoa jasho mwaka mzima. Mbona mvua ni haba?

Swali zuri, na wengi hulikosea. Hewa nayo ni ghala. Chumba cha mita nne kwa nne, chenye urefu wa mita tatu kwenda juu, siku ya joto hapa Lamu huwa na kama lita moja ya maji yanayoelea humo bila kuonekana. Ukimimina maji ya barafu ndani ya gilasi, gilasi hutoa jasho upande wa nje. Hilo si jasho la gilasi, ni ile lita ya chumbani imeanza kushuka.

Kwa hiyo maji yapo. Linalokosekana ni cha kuyapandisha na kuyapoza. Mvuke hugeuka wingu hewa inapopanda juu hadi kwenye baridi, na sisi hatuna mlima wa kuisukuma. Tunategemea pepo kukutana. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, upepo watujia ukiwa umetoka nchi kavu za kaskazini na wapita sambamba na pwani bila kupanda sana. Kusi ikiingia, masika huja nayo, na Mei ndio mwezi wake mkubwa. Vuli hutupa kidogo mwishoni mwa mwaka. Kwa mwaka mzima Lamu hupata milimita 900 hivi, na sehemu kubwa humwagika katika miezi michache.

Tena angani hakuna nafasi ya kulimbikiza. Maji yote ya anga ya dunia yakishuka kwa pamoja yangefanya kina cha sentimita mbili na nusu tu. Ni ghala la mchuuzi: huuza asubuhi, hununua mchana.

Barafu yatuhusu nini sisi watu wa pwani?

Zaidi ya unavyodhani, hata kama hujawahi kuiona nje ya kiwanda cha samaki.

Barafu ya Mlima Kenya kwanza, maana watu wengi hufikiri ndiyo inayojaza Tana. Imepungua kwa zaidi ya tisa kwa kumi tangu mwisho wa karne ya 19, na ilikuwa ndogo tangu hapo. Tana huzaliwa na mvua ya Mlima Kenya na ya Nyandarua inayolala kwenye udongo wa misitu na kutoka kidogo kidogo kwenye chemchemi. Msitu ukikatwa, mvua ni ile ile lakini ghala limetobolewa: mafuriko leo, mto mkavu baadaye.

Barafu kubwa ni ile ya Antaktika na Greenland. Hiyo na bahari ni kama vikombe viwili vya mizani, kimoja kikipanda kingine hushuka. Miaka 20,000 hivi iliyopita barafu ilikuwa nyingi sana duniani, na uso wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa mita 120. Mtu angetoka Lamu kwenda kisiwa jirani cha Manda kwa miguu bila kulowa. Kabla ya hapo, kama miaka 125,000 nyuma, barafu ilikuwa kidogo kuliko sasa na bahari ikawa juu zaidi kwa mita kadhaa. Matumbawe yakamea mahali ambapo leo ni nchi kavu. Mawe yaliyochimbwa Manda yakajenga nyumba zetu yametokana na miamba ya namna hiyo. Ukuta wa nyumba yako ni kumbukumbu ya bahari iliyokuwa juu.

Siku hizi kikombe cha barafu kinapungua tena na bahari inapanda, kwa kuyeyuka huko na kwa sababu maji yakipata joto hutanuka. Hili litarudi tukifika kwenye visima.

Vilima vya mchanga vya Shela vinawekaje maji, na juu ni kukavu vile?

Chukua ndoo ya lita 20, ijaze mchanga mkavu hadi ukingoni. Mtu atakwambia imejaa. Sasa mimina maji taratibu. Itameza lita sita au saba kabla hayajatokeza juu. Kati ya chembe na chembe mna nafasi, na nafasi hizo zikijumlishwa ni karibu theluthi ya kilima chote.

Nafasi peke yake haitoshi. Udongo wa mfinyanzi una nafasi nyingi kuliko mchanga, lakini ni bahili, ukimpa maji hakurudishii. Chembe zake ni ndogo mno na maji hunata. Mchanga hupokea upesi na hurudisha upesi, ukibakiza kidogo tu cha kujilowesha.

Umewahi kuona kijito kikitiririka kutoka vilima vya Shela? Mvua kubwa ikinyesha mjini, vichochoro hugeuka mito na baada ya robo saa maji yote yako ufukoni, mbio kurudi yalikotoka. Vilimani mvua ile ile hunywewa pale ilipoangukia. Na ikishaingia, jua hushindwa kuifuata. Mchanga wa juu hukauka upesi ukawa kama kifuniko, kwa sababu maji hayawezi kupanda kupitia chembe kubwa kavu. Nenda mchana wa jua kali, chimba kiasi cha dhiraa, utakuta mchanga wa baridi unaoshikana mkononi. Mimea nayo ni haba juu ya vilima, kwa hiyo hata mizizi haifyonzi sana.

Hesabu yake ni hii. Milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni lita 10,000. Mvua moja nzuri ya masika, tuseme milimita 50, ni lita 500,000. Hata robo tu ikifika chini, ni lita 125,000, yaani mitungi 6,250, kutoka hekta moja kwa mvua moja. Vilima hivyo vimeenea upande wa kusini wa kisiwa nyuma ya ufuo wa kilomita 12 hivi. Visima vinavyoulisha mji wa Lamu vimechimbwa humo.

Huko huko ndiko kulikopiganwa Vita vya Shela, yapata mwaka 1812, na upepo ukisogeza mchanga mifupa ya waliokufa hutokeza. Walikufa wakigombea kisiwa, na chini yao pamelala kitu ambacho bila hicho kisiwa hakikaliki.

Chini ya kisiwa ni bahari. Mbona maji matamu hayachanganyiki nayo?

Yanachanganyika, lakini pembeni na polepole. Lita ya maji matamu ina uzito wa kilo moja, ya bahari kilo moja na gramu 25 hivi. Tofauti ndogo, lakini yatosha kuyafanya matamu yaelee. Mchanga nao husaidia kwa kuyatuliza, hakuna wimbi la kuyavuruga.

Yanaelea kama jahazi lenye shehena, kidogo juu na tumbo kubwa chini. Mholanzi mmoja mwaka 1888 na Mjerumani mmoja mwaka 1901, kila mtu kwa njia yake, waliikokotoa: kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamepanda juu ya usawa wa bahari, yameshuka mita 40 chini yake. Katikati ya kisiwa tumbo ni nene, karibu na ufuo ni jembamba kama ukingo wa sahani. Kati ya matamu na ya bahari pana ukanda wa maji ya chumvichumvi, na ukanda huo hupunguza yale yanayonyweka, kwa hiyo hesabu ya 40 ichukue kama kipimo cha juu.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Ukiushusha uso wa maji shibiri moja kwa kuchota kupita kiasi, chumvi huko chini yaelekea kupanda mita tisa. Haipandi siku hiyo hiyo. Inachukua miezi, mara nyingine miaka, na huko ndiko kudanganyika kwetu: aliyeharibu na anayeonja chumvi huenda wasiwe mtu mmoja.

Kwa upande mwingine, bahari ikipanda na ufuo ukimegwa, kisiwa chote huwa kidogo na tumbo la maji hupungua nacho.

Basi nikichimba zaidi chini, si nitapata maji mengi zaidi?

Bara, pengine. Kisiwani, hapana. Utakuwa unakwenda kukutana na bahari.

Jirani yangu mmoja alinijia, "Mwalimu, hawa mafundi wanasema washuke zaidi." Nilimwambia asithubutu. Wakashuka. Wiki ya kwanza pampu ilitoa maji ya kumwaga, akaniletea mtungi nyumbani kwa dhihaka. Kabla ya Ramadhani chai ya nyumba ile ilikuwa hainyweki.

Kisiwani hufaa visima vingi vifupi, kila kimoja kikichotwa kidogo, kuliko kimoja kirefu chenye pampu kali. Pampu ikivuta kwa nguvu mahali pamoja, chumvi hupanda chini yake kama kichuguu. Ndoo na kamba ya bibi zetu ilikuwa na adabu isiyokuwa na haja ya mtaalamu, kwani mkono huchoka kabla kisima hakijachoka.

Maji ya kisima changu hupanda na kushuka pamoja na bahari. Yaani bahari imeingia?

Si lazima. Bahari ikijaa, husukuma maji matamu yaliyo juu yake, nayo hupanda yakiwa bado matamu. Ikipwa, hushuka. Kadiri kisima kilivyo mbali na ufuo, ndivyo mpando unavyokuwa mdogo na unavyochelewa. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, utauona zaidi kuliko wakati wa maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo. La kukutia wasiwasi ni ladha ikibadilika, si kina.

Nikichukua mchanga wa vilimani kidogo tu wa kujengea, kuna ubaya gani?

Lori moja halikaushi kisima. Swali ni kwamba hakuna anayechukua lori moja. Kilima kikipunguzwa, nafasi za kuwekea maji zimekwenda nacho, na mchanga uliokuwa unachuja uchafu umepungua. Nyumba ikijengwa juu yake, mvua ya paa na ya sakafu haipenyi tena pale, na karo la nyumba, yaani shimo la choo na maji machafu, linapenya. Hapo ndugu yangu umepoteza maji na ukapata mavi, kwa kiwanja kimoja. Samahani kwa lugha, sina neno jingine lililo kweli zaidi.

Visima vya ndani ya mji wa kale mbona havinyweki tena, na zamani vilinyweka?

Kwa sababu ya karo. Nyumba zimesongamana, kila moja ina shimo lake, na shimo na kisima vinakaa katika ghala moja la chini. Mji ulipokuwa na watu wachache mchanga ulimudu kuchuja. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi wala naitreti, ile kemikali itokayo kwenye karo, bali huzizidisha kidogo maji yanapopungua sufuriani. Maji hayo yafulie nguo.

Malindi hawana vilima kama vya Shela kwa ajili ya mji wao. Wanakunywa nini?

Nao wanakunywa mchanga, ila wa mtoni. Mto wao huanza karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukipokea Tsavo huitwa Galana, na kufika pwani ni Sabaki. Kwa macho ni tope jekundu. Wakati wa mvua hupaka bahari ya Malindi rangi ya chai ya maziwa hadi watalii wakanuna. Lakini kule Baricho, mchanga uliolazwa na mto huo kwa karne nyingi umejaa maji yaliyochujwa. Visima vya Baricho huvuta hayo, yakalisha Malindi, Kilifi hadi Mombasa. Mto hujaza mchanga, mchanga huweka hata mto unapopungua.

Mombasa ina ghala jingine ninalolipenda kuliko yote nchini, nalo ni chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi. Mvua inayonyesha vilima vya Chyulu haionekani ikitiririka, inamezwa na mawe ya volkeno, ikasafiri chini kwa chini kilomita kama 50 na kutoka Mzima safi kama kioo. Yasemwa safari hiyo huchukua miaka 25 hivi. Anayefungua mfereji Mombasa leo huenda anakunywa mvua iliyonyesha kabla hajazaliwa.

Na jabia? Birika? Hayo nayo ni sehemu ya mzunguko?

Hayo ni maghala ya mikono ya watu, yaliyowekwa pale ambapo maumbile hayakuweka. Visiwa kama Pate, Ndau na Kiwayu havina vilima vya kuwatosha kama Shela, na jiwe la matumbawe limejaa matundu. Mvua hupita kama kwenye chujio la tui. Basi wenyeji wakasakafu uwanja mteremko, wakaelekeza mvua kwenye tangi lililochimbwa, na kulifunika. Ndilo jabia. Kwangu mimi huo ni uhandisi wa heshima, na nahuzunika nikiona jabia lililoachwa likapasuka huku pembeni pamewekwa tangi la plastiki lililokaushwa na jua.

Birika, lile tangi dogo la kujengwa ndani ya nyumba au msikitini, lilikuwa la akiba ya siku chache, na walitia samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Jambo hilo bado lafaa.

Kwa anayetaka kuanza leo: paa la mabati la mita 60 za mraba, kwa mvua ya milimita 900, hupokea lita 54,000 kwa mwaka. Toa moja kwa tano kwa kumwagika na kuosha vumbi la mvua ya kwanza. Nyumba ya watu watano, kila mmoja lita 20 kwa siku za kunywa, kupika na kuoga kwa kiasi, huhitaji lita 9,000 kuvuka siku 90 za kaskazi. Tangi la lita 10,000 lililojazwa masika na kuongezwa vuli litawavusha. Makuti hayafai kwa kukinga maji ya kunywa, hutoa rangi na uchafu.

Watoto wangu wanauliza: maji ya dafu je?

Wape heko. Ndiyo, dafu ni ghala, dogo lakini ni ghala. Mnazi huvuta maji ya ardhini na mengi huyapumua hewani kupitia makuti; kidogo huyaweka nazini. Mbuyu huweka zaidi, shina lake ni kama sifongo, hunenepa masika na kusinyaa kidogo kiangazi. Mimea na wanyama wote wa dunia wana sehemu ndogo mno ya maji yote, pungufu hata ya mito.

Ni kweli watu walihama Takwa kwa sababu ya maji?

Ndivyo wengi wanavyosema: kwamba visima vya Takwa, kule Manda, viligeuka chumvi na watu wakahamia Shela katika karne ya 17 hivi. Sababu nyingine pia hutajwa, kama vita. Ukiyajua uliyoyasoma hapo juu utaona la maji si la ajabu: mji mdogo juu ya matumbawe, umezungukwa na mikoko, tumbo la maji matamu jembamba. Kule Gedi, karibu na Malindi, kushuka kwa maji visimani nako hutajwa miongoni mwa sababu za mji kuachwa. Watu wa Shela hadi sasa hurudi Takwa kwenye kaburi la mnara kuomba mvua. Wanarudi kuombea mvua mahali pale pale maji yalipowakimbia wazee wao.

Nitajuaje kisima changu kimeanza kuingia chumvi?

Ulimi hugundua umechelewa, kwa sababu chumvi huja polepole na mdomo huzoea. Mgeni aliyekuja kutoka bara atakwambia kabla yako, kwa hiyo mgeni akikunja uso usimwone mjeuri. Sabuni ikianza kukataa povu, hiyo ni dalili, ingawa maji ya matumbawe huwa magumu hata bila chumvi.

La hakika zaidi ni kipima-chumvi kidogo cha kushika mkononi, kile kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Wachangie watu wa mtaa mmoja wanunue kimoja. Pima mara mbili kwa mwezi, wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, saa ile ile, kabla ya pampu kuwashwa asubuhi, na uandike namba ukutani kwa mkaa kama daftari hulipendi. Namba moja haikwambii kitu. Namba za mwaka mmoja zitakuonyesha kama kisima kinapumua tu na bahari au kinapanda ngazi.

Ikipanda miezi mitatu mfululizo, punguza muda wa pampu nusu, inua mdomo wa bomba uwe karibu na uso wa maji, na uongoze mvua ya paa lako iingie kwenye shimo la mchanga pembeni ya kisima, mbali na karo. Kisha ngoja masika mawili.